Kocha wa Mazoezi Binafsi: Mwongozo Kamili wa Kupata Wateja na Kubaki Nao

Swali la makocha wapya ni lile lile kila mara: "Cheti ninacho, mazoezi nayajua, mwili wangu wenyewe ni ushahidi, mbona sina wateja?" Ukichunguza, ni nadra kosa kuwa kwenye mazoezi. Huwa limejificha mahali patatu: bei iliyokisiwa, mazungumzo ya kwanza yaliyoendeshwa ovyo, na daftari lisiloandikwa. Mteja huja wiki mbili au tatu, haoni anakopelekwa, huanza kuahirisha, kisha hupotea kimyakimya.

Hatua zifuatazo zimepangwa kama kazi yenyewe inavyokwenda. Ukiwa na haraka, pitia upesi nyingine zote, lakini kaa na hatua ya 4 na ya 5 mpaka zikukae kichwani.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Cheti cha ukocha kinachotambulika, na cheti cha huduma ya kwanza chenye CPR (kukandamiza kifua na kupuliza pumzi kwa mtu ambaye moyo wake umesimama) ambacho muda wake haujaisha.
- Bima ya dhima (inayolipa mteja akiumia na kukudai) inayotaja wazi kazi ya kufundisha mazoezi.
- Fomu tatu: maswali ya afya, mkataba, na kumbukumbu za kila kipindi.
- Mashine ya kupimia presha inayofungwa juu ya kiwiko, yenye mikanda ya saizi mbili. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli, nawe utamtisha mtu bure.
- Tepu ya kupimia mwili, mizani, na saa ya kuhesabia sekunde.
- Mikeka 2, bendi za mpira za ugumu wa aina 3, jozi 3 za dambeli (kilo 4, 8 na 12 zinatosha kuanzia), na kiti imara kisicho na magurudumu chenye kimo cha sentimita 43 hivi.
- Sanduku la huduma ya kwanza, pamoja na kitu cha sukari kinachofanya kazi haraka.
- Akaunti ya fedha ya biashara, mbali na ya nyumbani.
- Akiba ya matumizi ya miezi 3 hadi 6.

Nembo, fulana zenye jina lako na tovuti maridadi vimeachwa nje kwa makusudi. Vinaweza kusubiri hadi mteja wa kumi.

## Hatua ya 1: Cheti chenye uzito

Kabla ya kulipia kozi, uliza nani ameithibitisha. Marekani, vyeti vya mashirika ya ACE, ACSM, NASM na NSCA vina ithibati ya NCCA, tume inayokagua ubora wa vyeti vya kitaaluma, na kwingineko zipo mamlaka au rejista za kitaifa. Bima na jimu nyingi hutazama jambo hilo kwanza. Kozi ya siku mbili isiyo na mtihani wa maana itakupa karatasi ambayo kampuni ya bima inaweza kuikataa.

Vyeti vikubwa huhuishwa kila baada ya miaka 2 au 3 kwa kuonyesha saa za masomo ya ziada. Andika tarehe hizo kwenye kalenda siku ile ile unayopokea cheti.

CPR ifanye kwa mikono, juu ya mwanasesere wa mafunzo. Video peke yake haitoshi. Kwa mtu mzima, namba za kukariri ni hizi: mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, mikandamizo 30 kwa pumzi 2. Jua pia kifaa cha kushtua moyo kiko wapi katika kila mahali unapofundishia.

Umefaulu ikiwa: unaweza kueleza cheti chako kinakuruhusu kufanya nini, na wapi mipaka yake inakoma. Kocha hatambui ugonjwa, haandiki dawa, wala hampangii mgonjwa mlo wa tiba.

## Hatua ya 2: Bima, usajili na mkataba

Sajili biashara kulingana na sheria za unapoishi na uanze kutunza risiti tangu siku ya kwanza. Bima iwe tayari kabla ya mteja wa kwanza, hata kama ni rafiki unayemfundisha bure. Goti la rafiki huumia sawa na la mgeni.

Mkataba usizidi kurasa 2, kwa lugha ambayo mteja ataielewa bila kuuliza. Utaje idadi ya vipindi na muda wa kuvimaliza (kwa mfano vipindi 12 ndani ya wiki 8), malipo kabla ya huduma, kanuni ya kuahirisha, utaratibu wa kurudisha fedha, na ruhusa ya picha. Ruhusa ya picha iwe na sahihi yake peke yake, kwa sababu mtu anaweza kukubali mazoezi na akakataa kupigwa picha.

Kanuni inayofanya kazi ni saa 24: anayeahirisha chini ya hapo, kipindi kinahesabiwa kimetumika. Msamaha mmoja kwa kila kifurushi unatosha. Ukianza kusamehe kila mara, unamfundisha mteja kwamba muda wako hauna thamani, na kumrudisha kwenye kanuni baadaye ni kazi ngumu mno.

## Hatua ya 3: Chagua watu unaowahudumia

"Nafundisha kila mtu" ni sentensi isiyokumbukwa na yeyote. Chagua kundi unaloweza kulieleza kwa pumzi moja: wanaoanza mazoezi baada ya miaka 40, akina mama walioruhusiwa na daktari baada ya kujifungua, watu wa kazi za kukaa wenye migongo iliyokakamaa, wakimbiaji wanaotaka nguvu.

Kundi zuri hutimiza mambo mawili: unalijua vizuri, na lina uwezo wa kulipa mara kwa mara. Kuchagua hakukuzuii kumpokea mtu wa nje ya kundi hilo. Kunakusaidia ujue unazungumza na nani unapojitangaza.

## Hatua ya 4: Panga bei kwa hesabu

Wengi hutazama kocha wa jirani anatoza kiasi gani, wanapunguza kidogo, na basi. Miezi 6 baadaye wamechoka na mfuko mtupu. Bei huanzia kwenye matumizi yako, halafu inapimwa na saa unazoweza kuuza.

Weka fedha ya nchi yako mahali pa namba hizi. Tuseme kila mwezi unahitaji 1,500 za maisha, 300 za biashara (bima, usafiri, ukumbi, masomo) na 200 za kodi na akiba. Jumla ni 2,000 kwa mwezi, yaani 24,000 kwa mwaka.

Sasa saa. Ukifanya kazi saa 40 kwa wiki, karibu 20 tu ndizo zinazolipwa. Nyingine zinaliwa na safari, kuandaa programu, kujibu ujumbe, mahesabu na kutafuta wateja. Mwaka una wiki 52. Toa 6 za likizo, ugonjwa na sikukuu, zinabaki 46. Saa 20 mara 46 ni 920. Punguza asilimia 15 za vipindi vitakavyokosa mtu au kuahirishwa mapema, unabaki na 782.

24,000 gawanya kwa 782 ni 30.7. Bei yako ya chini kabisa ni 31 kwa saa.

Ukitoza 20 "ili upate wateja kwanza", mwaka utakupa 15,640, zaidi ya theluthi moja pungufu ya mahitaji. Kuziba pengo hilo utahitaji kupanga karibu saa 31 za vipindi kila wiki. Lakini wateja wengi wako huru kabla ya kazi na baada ya kazi: muda wa saa tatu asubuhi na muda wa saa tatu jioni, siku 5 kwa wiki, jumla saa 30. Saa ya 31 haipo. Bei ndogo haiishi kwenye kukuchosha tu, haiwezi kutekelezeka.

Punguzo la kifurushi nalo liingizwe kwenye hesabu mapema. Ukitaka kutoa asilimia 10 kwa anayenunua vipindi 12, kipindi kimoja kiuze 34, ili baada ya punguzo ubaki karibu na 31. Anayeanzia 31 kisha akapunguza yuko chini ya mstari wake mwenyewe.

Umefaulu ikiwa: unataja bei yako bila kuongeza "lakini tunaweza kuzungumza".

## Hatua ya 5: Mazungumzo ya kwanza

Tenga dakika 60 mahali patulivu. Nia yako ni kujua kama ni salama kumfundisha mtu huyu, kujua anataka nini hasa, na kukubaliana mwanzo.

Usalama kwanza. Tumia PAR-Q+, fomu ya kimataifa ya maswali ya afya kabla ya mazoezi. Maswali yake 7 ya mwanzo yanahusu ugonjwa wa moyo au presha, maumivu ya kifua, kizunguzungu au kupoteza fahamu, magonjwa mengine ya kudumu, dawa anazotumia, matatizo ya mifupa au viungo, na kama daktari amewahi kumwambia afanye mazoezi chini ya uangalizi wa kitabibu tu. Akijibu "ndiyo" hata mara moja, ajaze kurasa za ufuatiliaji au aonane na daktari kabla hujamgusisha chuma. Fomu hudumu miezi 12, na hukoma mapema afya yake ikibadilika.

Swali la dawa usilipite juujuu. Baadhi ya dawa za presha na moyo, zile za kundi la beta-bloka, huzuia mapigo kupanda, kwa hiyo saa ya mkononi itakudanganya. Mpime kwa ugumu anaouhisi, kuanzia 0 hadi 10. Anayetumia insulini apime sukari kabla ya kuanza: ikiwa chini ya 5 mmol/L (90 mg/dL), ale kwanza kitu chenye wanga, na sukari ya haraka iwe karibu muda wote.

Pima presha baada ya kukaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu, mkono uko usawa wa moyo. Asiwe amekunywa kahawa wala kufanya mazoezi katika dakika 30 zilizotangulia. Ikifika 180 kwa 110, rudia baada ya dakika chache. Ikibaki hapo, leo hakuna mazoezi. Aende kwa daktari, na kama ana maumivu ya kifua, shida ya kupumua au ganzi ya upande mmoja, ni dharura.

Kisha sababu yake. Mtu atakuambia "nataka kupungua". Pokea jibu hilo, kisha chimba:

1. Mwili wako ukiwa na nguvu zaidi, ni jambo gani la kila siku litakuwa rahisi?
2. Uliwahi kuanza mazoezi? Nini kilikusimamisha?
3. Siku zipi na saa zipi hazigusiki kabisa?
4. Kuna zoezi unaloliogopa au kulichukia?

Swali la pili ni dhahabu. Aliyeacha kwa sababu aliumwa mwili mzima siku 5 atakuacha wewe pia ukirudia kosa lile. Aliyeacha kwa sababu ya safari za kazi anahitaji programu ya kufanya chumbani bila vifaa. Wateja karibu wote hukuambia mapema kitakachowaondoa. Kazi yako ni kuandika.

Andika lengo kwa sentensi moja mbele yake: "Ndani ya wiki 12, nipande ngazi za ghorofa 4 bila kusimama, na nifanye mazoezi mara 2 kwa wiki bila kukosa." Mwonyeshe, arekebishe, akubali.

Mwisho, bei. Eleza unachopendekeza na kwa nini, taja bei kwa sentensi moja, kisha nyamaza. Kimya hicho ni kizito, na wengi hukivunja kwa kujipunguzia wenyewe kabla mteja hajasema neno. Mwache afikiri.

Umefaulu ikiwa: mteja amezungumza zaidi yako, na kipindi cha kwanza kimeandikwa kwenye kalenda kabla hajaondoka.

## Hatua ya 6: Vipimo vya mwanzo

Chagua vipimo 4 au 5 vinavyohusiana na lengo lake. Kwa anayeanza, hivi vinatosha:

- Mapigo ya moyo akiwa ametulia, kwa sekunde 60 kamili.
- Kiuno, katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa juu wa nyonga, mwishoni mwa pumzi ya kawaida ya kutoa.
- Kusimama na kukaa kwenye kiti kwa sekunde 30, mikono imekunjwa kifuani.
- Pushapu kwenye ukuta au meza imara, hadi umbo linapoharibika.
- Umbali anaotembea kwa dakika 6.

Andika saa ya siku, viatu, na kimo cha meza. Ukibadilisha mazingira mara ya pili, unalinganisha vitu viwili tofauti. Uzito upime akiridhia, na usiuweke kuwa kipimo pekee: maji mwilini peke yake hupandisha na kushusha mizani kutoka siku hadi siku, hata kama mtu anafanya kila kitu sawa.

## Hatua ya 7: Wiki 12 za kwanza

Kwa mtu mpya, mara 2 au 3 kwa wiki zisizofuatana, mazoezi 5 au 6 kila kipindi, moja kwa kila mwendo wa msingi: kuchuchumaa, kuinama kwa nyonga, kusukuma, kuvuta, kubeba, na kukaza kiwiliwili.

Wiki ya 1 na 2. Seti 2, marudio 8 hadi 10, ugumu wa 5 au 6 kati ya 10. Aondoke akihisi angeweza kuendelea.

Wiki ya 3 hadi 6. Seti 3, marudio 8 hadi 12, ugumu wa 6 au 7.

Wiki ya 7 hadi 12. Seti 3 au 4, marudio 6 hadi 10 kwa mazoezi makubwa, ugumu wa 7 au 8. Mapumziko ni dakika 2 hadi 3 kwa mazoezi makubwa, sekunde 60 hadi 90 kwa madogo.

Ongeza uzito kwa kanuni, usiongeze kwa hamasa: akivuka lengo kwa marudio 1 au 2 katika vipindi viwili mfululizo, panda kwa asilimia 2 hadi 10. Kiasi kidogo kwa mikono, kikubwa zaidi kwa miguu.

Siku asizokuja kwako, mpe matembezi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na ya nguvu angalau siku 2. Ikiwa leo anatembea dakika 10, anzia 10.

Onyo kubwa. Kosa moja la mazoezi linaloweza kuua biashara changa ni kumwangamiza mteja siku ya kwanza ili "aone kazi". Maumivu ya kawaida ya misuli hufika kilele kati ya saa 24 na 72. Anayeshindwa kushuka ngazi siku 3 atapata kisingizio cha kutorudi. Pia kuna hatari ya kweli. Misuli iliyozidiwa inaweza kuvunjika na kumwaga vitu vyake kwenye damu vikadhuru figo. Dalili ni maumivu makali mno, uvimbe, udhaifu, na mkojo wa rangi ya kahawia. Huyo apelekwe hospitali mara moja; asiambiwe anywe maji apumzike.

## Hatua ya 8: Kuendesha kipindi

Kipindi cha dakika 60 kinaweza kwenda hivi: dakika 5 za kuuliza usingizi, maumivu na siku ilivyokuwa, 10 za kupasha mwili, 35 za kazi, 7 za kushusha mapigo, 3 za kuandika na kupanga kipindi kijacho.

Simama pembeni unapotazama mtu akichuchumaa au kuinama, kwa kuwa mgongo na magoti huonekana vizuri kutoka ubavuni. Toa sahihisho moja kwa wakati, tena fupi. "Sukuma sakafu" humfika mtu haraka kuliko maelezo ya misuli minne. Omba ruhusa kabla ya kumgusa, kila mara. Mwambie asizuie pumzi anaponyanyua, hasa mwenye presha, maana kuzuia pumzi hupandisha presha ghafla.

Simamisha mazoezi papo hapo mteja akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, kupumua kusiko kwa kawaida, au ganzi ya upande mmoja.

Kumbukumbu iwe ya mistari michache: "Kuchuchumaa na dambeli, kilo 12, 3 × 10, ugumu 7, goti la kulia halikulalamika." Hiyo "goti halikulalamika" ina thamani kuliko unavyodhani. Wiki ijayo ukimuuliza habari za goti, mteja anajua umemkumbuka.

## Hatua ya 9: Kutafuta wateja

Anza na majina 50 ya watu wanaokujua. Usiwaombe wanunue. Waambie kwa sentensi moja unamsaidia nani, na uulize kama wanamjua mtu wa namna hiyo. Ukiwa na ajira kwenye jimu, zungumza na watu sakafuni: mrekebishe mtu jambo moja dogo, muulize jina, ondoka. Watabibu wa viungo na madaktari watakutumia watu wakiona unarudisha taarifa na hujifanyi daktari.

Mitandaoni, jibu maswali ya kundi lako na uonyeshe zoezi moja kwa video fupi. Usiahidi kilo, huna mamlaka juu ya sahani ya mtu.

Hesabu namba tatu kila wiki: uliozungumza nao, waliokuja kwenye mazungumzo ya kwanza, walionunua. Wakija wengi na kununua wachache, rudi hatua ya 5. Wasipokuja kabisa, tatizo ni hatua ya 3 au hujazungumza na watu wa kutosha. Bila namba hizi, utaishia kupunguza bei, ambayo pengine haikuwa na kosa.

## Hatua ya 10: Kumbakiza mteja

Tuma ujumbe ndani ya saa 24 baada ya kipindi cha kwanza, ukiuliza mwili unajisikiaje. Wiki ya 4, rudia vipimo. Wiki ya 8, zungumzia kinachofuata baada ya wiki ya 12. Ukingoja kifurushi kiishe, unaomba fedha upya kwa mtu ambaye tayari kichwa chake kimeshaondoka. Akikosa mara 2 mfululizo, mpigie simu siku hiyo hiyo, bila lawama: "Nimeona umebanwa. Tupunguze hadi dakika 30 kwa wiki mbili?"

Siku ya kuomba akuletee rafiki ni siku ya vipimo vilivyopanda. Anafurahi, na ushahidi uko mkononi mwake.

## Hatua ya 11: Kukua bila kujiua

Saa zako zikijaa kwa asilimia 80 miezi 3 mfululizo, pandisha bei kwa wateja wapya kwanza. Wa zamani wape taarifa ya miezi 2.

Kisha fungua kikundi cha watu 3 wa kiwango kinachokaribiana. Kila mmoja akilipa nusu ya bei ya mtu binafsi, saa ile ile inakuletea mara 1.5, nao wanaokoa nusu. Usivuke 4 mwanzoni. Wa tano hutoka nje ya macho yako.

Ufundishaji wa mbali uuze kwa watu uliokwisha kuwaona wakisogea ana kwa ana, au wanaokutumia video ya kila zoezi kubwa: mara moja kutoka ubavuni, mara moja kutoka mshazari mbele, mwili mzima ukionekana hadi nyayo. Mazoezi yanayohitaji mtu wa kukushikia chuma yaondoe kabisa kwenye programu hizo, na weka mahali pake dambeli, bendi au mashine ambayo mteja anaweza kuiachia salama akiwa peke yake.